Data Yetu Isomwe, Lakini Isitoke



Sensa ya 2019, karani alibisha mlango akauliza: miaka mingapi, dini gani, umesoma mpaka wapi, una kazi? Mkajibu yote. Umewahi kujiuliza ni nani anaruhusiwa kuyafungua majibu hayo leo?

Wengine wetu husema, "Yafungwe kabisa!" Hofu hiyo naielewa. Marekani, mwaka 1943, ofisi ya sensa ilitoa majina na anwani za watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi Washington, wakakabidhiwa maafisa wa usalama. Sheria ya vita ya 1942 ilikuwa imeshaiondoa ile ahadi ya siri.

Lakini tukifunga kabisa, tunajiumiza wenyewe. Ukisema vijana wa mtaa wako wanabaguliwa kazini, utaambiwa lete ushahidi. Ushahidi umo ndani ya majibu hayo hayo, mtu kwa mtu, si kwenye wastani wa kaunti nzima. Na kufuta majina hakutoshi. Muuguzi wa kike, miaka 34, watoto watano, kijiji kidogo: nani hamjui?

Njia ipo. Ufaransa kuna kituo kinaitwa CASD. Pale mtafiti hapewi faili. Hupewa kijisanduku na kadi inayokubali alama ya kidole chake tu. Data anaiona kwenye skrini na kuipigia hesabu, ila hawezi kuinakili wala kuipakua. Majedwali yake hukaguliwa kwanza; likimfichua mtu, halitoki. Tangu 2018, CASD na vituo vya Ujerumani, Uholanzi na Uingereza wana mtandao wao, IDAN, ili mtafiti aliye nchi moja afanyie kazi data ya nchi nyingine. Yeye anavuka mpaka kwa skrini, data inabaki kwao.

Sasa tuje kwetu. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tusikubali kuambiwa tuchague moja. Siku watafiti wa nje wakija kutuhesabu, usiwafukuze, na usiwape kila kitu kwa sababu wamevaa beji. Waulize mambo matatu: data itakaa wapi, nani ataifungua, na nani atakagua kinachotoka?

Wakikosa jibu, na wewe usiwe na haraka ya kujibu maswali yao.