Waliocheka 'Kibanda cha Chipsi' cha Wabongo wa Marekani Wapige Hesabu Kwanza

Wikiendi iliyopita mitandao ilipata cha kutafuna. Wanandoa fulani Wabongo wanaoishi Colorado, Marekani, wenye wafuasi wao wa kutosha tu, walitupia klipu wakiwa kambini milimani. Nyuma ya gari lao la kawaida kulikuwa na trela fupi, bapa kama sanduku. Jamaa akafungua vibanio, akasukuma paa, mkewe akaingia ndani akainua kuta za pembetatu huku na huku, na baada ya dakika chache pakasimama kijumba chenye dirisha, kitanda, jiko na taa. Wenyewe wanacheka, wana raha zao.

Kwenye komenti wakaogeshwa. Mmoja akauliza chipsi mayai hapo bei gani. Mwingine akasema hicho ni kibanda cha wakala wa M-Pesa kilichopotea njia. Aliyevuna laiki nyingi kuliko wote akaandika kwamba kama miaka yote Marekani inaishia kwenye banda la njiwa, bora wangebaki zao Mbagala. Kufika Jumatatu, klipu imefutwa.

Siku chache kabla ya hapo, jamaa mwingine wa huko huko Marekani alipigiwa makofi kwenye kurasa hizo hizo. Yeye alipiga picha kaegemea nyumba ya magurudumu kubwa kama basi la mikoani, ndani sofa la ngozi, friji la milango miwili, TV ukutani. Komenti zikawa ni moto tu na mataji ya mfalme. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza analipa nini kwa mwezi, wala kama ni lake au kalikodi kwa siku mbili.

Hapo ndipo penye ishu. Watu wamecheka wenye akili na kumpigia makofi anayeweza kuwa anazama.

Kwanza ieleweke kile kitu ni nini. Ni trela la kukunja lenye kuta ngumu, siyo turubai. Likikunjwa linakuwa bapa, likifunguliwa vipande viwili vya paa vinakutana juu na kufanya umbo la herufi A. Wamarekani wanalijua miaka mingi. Aliner wanayatengeneza Pennsylvania, na Forest River, kampuni ya Elkhart, Indiana iliyo chini ya Berkshire Hathaway ya bilionea Warren Buffett, nao wamekuwa wakiyauza kwa majina ya Rockwood na Flagstaff. Kwa hiyo anayesema ni kibanda cha kuunga unga ajue kwamba lipya huwa linacheza kati ya dola 15,000 na 30,000, kutegemea ukubwa na vilivyomo. Lililotumika linashuka chini ya hapo.

Sasa faida zake. Ya kwanza ni uzito. Mengi ya matrela haya yanakaa kwenye kilo 700 mpaka 1,000 yakiwa matupu. SUV nyingi ndogo za Marekani zimeruhusiwa kuvuta kati ya kilo 680 na 1,590, kutegemea injini. Maana yake mtu mwenye gari la kawaida la kwendea kazini, ilimradi asome kitabu cha gari lake, anaweza kusafiri bila kununua pikapu ya nguvu. Mwenye trela kubwa hanunui trela tu, ananunua na gari la kulivuta.

Ya pili ni upepo. Wanaoijua barabara kuu ya I-80 inayokatiza Wyoming wanajua habari yake. Kuna siku mamlaka za jimbo huifunga kwa magari marefu mepesi, kwa sababu upepo unayalaza chali. Trela lililokunjwa halizidi sana mita moja na nusu, linajificha nyuma ya gari, na dereva bado anaona nyuma kupitia kioo cha ndani. Mafuta nayo hayaliwi kama yanavyoliwa na lile basi, ambalo lita moja inaweza kulipeleka kilomita tatu au nne tu.

Ya tatu ni maegesho. Mlango wa banda la gari kwenye nyumba nyingi za Marekani una kimo cha mita 2.1. Trela hili likikunjwa linapita chini yake, na kama banda lina urefu wa kutosha linalala humo. Mitaa mingi huko ina kamati za wakazi zinazokataza kuegesha nyumba ya magurudumu mbele ya nyumba yako. Mwenye kubwa analipia maegesho kila mwezi, mwaka mzima, kwa kitu anachokitumia wiki chache.

Ya nne ni dubu. Wanaodhani huu ni utani waulize kuhusu Fishing Bridge, kambi iliyoko ndani ya hifadhi ya Yellowstone. Pale hema haliruhusiwi, wala trela la turubai, kwa sababu eneo lile ni la dubu. Wanataka kuta ngumu. Hilo "banda la njiwa" linaingia, mradi lisiwe na sehemu ya kitambaa. Halafu turubai likilowa lazima likaushwe, la sivyo linaota ukungu. Kuta ngumu zinafutwa tu na safari inaendelea.

Lakini haki itendeke pande zote. Wale wanandoa nao walichemka. Waliposti dakika tamu na kuyaficha machungu, na kuna vijana waliowaandikia faragha kuuliza wanalipataje wahamie humo kabisa ili wakwepe kodi ya nyumba. Hao walitakiwa waambiwe ukweli.

Ukweli ni kwamba paa la umbo la A linamruhusu mtu mrefu kusimama wima katikati tu. Kabati za juu hakuna, kwa sababu paa linalala pale pale. Kila kinachosimama kwenye meza lazima kishushwe kabla ya kulikunja. Mkiwa njiani mkataka kuchukua kitu kilicho ndani kabisa, mnasimama mnalifungua. Mvua ikiwakuta wakati wa kulisimamisha, kitanda kinalowa kabla kuta hazijafunga. Upepo mkali ukiwakuta, paa linavutana na nyinyi kama tanga la jahazi, na kulisukuma peke yako ni hatari.

Choo? Mara nyingi ni kile cha kubebeka, kimekaa hatua moja kutoka kwenye kitanda na jiko. Wapenzi wawili wanaoelewana watavumilia. Watu wazima wanne na mtoto mchanga, mama mkwe akiwa mmoja wao, hiyo ni kesi nyingine. Na kwa sababu kuta zinakunjwa, kuna bawaba na mipira ya kuziba maji kila kona. Mipira ikizeeka bila kubadilishwa, maji yanapenya taratibu, na sakafu inaoza mwenyewe hajui. Anayenunua lililotumika bila kukagua kona zote na kubonyeza sakafu kwa mguu ameyataka mwenyewe.

Kwa hiyo siyo nyumba. Ni chombo cha mapumziko cha watu wawili, pengine na mtoto mmoja, wanaotoka mara kadhaa kwa mwaka na wana pa kuliweka. Anayetaka kuishi humo majira ya baridi ya Colorado anatafuta nimonia.

Lakini waliocheka hawakucheka kwa sababu ya mipira ya kuziba maji. Walicheka kwa sababu ni dogo. Na kicheko hicho kina bei.

Mwaka 2021, watu walipochoka kufungiwa ndani na korona, viwanda vya Marekani vilitoa nyumba za magurudumu zaidi ya 600,000, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa. Mwaka 2023 zilitoka kama 313,000 tu. Katikati ya wimbi lile watu walikopa. Mikopo ya vitu hivi siyo ya miaka mitatu, kuna ya miaka 10, 15, hata 20. Na thamani inaporomoka haraka kuliko deni linavyopungua. Matokeo yake mtu anaweza kudaiwa dola 90,000 kwa kitu ambacho sokoni hakuna wa kutoa 60,000. Hawezi kukiuza, hawezi kukirudisha. Anabaki anakipiga picha.

Sasa mtu wa hivyo akiwa Mbongo, deni lake haliishii Marekani. Linafika mpaka Temeke. Ndiyo ile "mambo magumu mwezi huu, mdogo wangu, ada subiri kidogo". Ndiyo simu ya mama inayoita bila kupokelewa. Huku wafuasi wanaendelea kumimina mataji ya mfalme kwenye picha ya basi, hawajui kwamba makofi yao ni sehemu ya mkopo.

Wanaoishi nje wanajua kabisa kwamba huku nyumbani wanapimwa kwa picha. Ndiyo maana wengine wananunua kitu kwa ajili ya macho ya watu walioko kilomita elfu kumi na zaidi, ambao hawatakipanda hata siku moja. Wale wawili wa Colorado walifanya kinyume. Walinunua kinacholingana na gari lao, na banda lao, na mshahara wao, wakaenda kulala mlimani, wakarudi kazini Jumatatu bila kudaiwa na dunia nzima. Wahenga walishasema, mtu hujikuna ajipatapo. Zawadi yao ikawa ni kufutishwa klipu kwa aibu.

Na yule aliyetamani wangebaki Mbagala atulie kidogo. Mbagala kuna watu wanaolala kwenye chumba kimoja walichokilipia kodi ya miezi sita kwa jasho lao, na hawana cha kumwonea aibu mtu. Aibu ni kuringia kitu kisicho chako na kumfundisha mdogo wako kwamba huko ndiko kufanikiwa.

Klipu irudishwe. Safari hii iwe ndefu, mpaka choo kionekane, na ile kazi ya kukunja asubuhi mvua inanyesha. Na yule mfalme wa basi naye atupie karatasi ya mkopo wake, watu waone nani hasa anaishi kwenye banda.

Wadau, kati ya hao wawili nani amejipata? Povu ruksa hapo chini.