Muda wa msiba upo, wa kutembeleana haupo?

Wadau, hivi mmeshaona jinsi tunavyopata muda wa kwenda msibani? Rafiki akifariki, saa hiyo hiyo ruhusa inaombwa, bosi anaelewa, kikao kinaahirishwa na nauli ya Moshi inapatikana. Lakini rafiki huyo huyo alipokuwa hai, yeye Mbagala na sisi Mwenge, jibu lilikuwa moja tu: "Niko bize, tutapanga." Kumbe muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ambayo bosi angeiheshimu.

Hapa Dar "bize" imekuwa kama cheo. Anayelala saa nane usiku kwa ajili ya ripoti anajiona shujaa, na anayetoka ofisini saa kumi na moja jioni anaonekana hana malengo.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Nayo WHO na ILO zilieleza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Piga hesabu zako, na usisahau ile kazi unayoenda nayo nyumbani. Foleni hata sijaigusa.

Najua kuna atakayesema kupumzika ni anasa ya wenye nazo. Ni kweli, mama ntilie na kondakta wa daladala hawana barua ya likizo, siku wasiyotoka ni siku wasiyokula. Ndiyo maana naongea na sisi wenye mikataba. Kama tunaolindwa na sheria tunaona aibu kuchukua likizo yetu, nani atathubutu kumdaia konda siku yake moja?

Sisemi tuwe wavivu, jamani. Nasema mwili, familia, marafiki na imani navyo vinadai saa zake, na visipolipwa hutoza riba. Wiki hii nenda kamwone mtu mmoja angali mzima, mkanywe chai bila kuangalia simu. Ripoti itakusubiri Jumatatu.

Naomba kutoa hoja.