TANGI LAOZA NDANI, KAMATI YATAKA KUPAKA RANGI NJE



Kamati imekubali pikipiki ya chama, ile Honda CG 125, ipelekwe kuchomelewa tangi na kupigwa rangi nyekundu. Mimi napinga. Sababu naziandika hapa ukutani ili kila anayeleta kahawa kupima azisome.

Rangi ya nini? Ugonjwa wa tangi lile uko tumboni. Fungua mfuniko umulike kwa tochi (tochi, siyo kiberiti, jamani!) utaona kutu imeshika kuta zote na magamba yamelala chini. Magamba hayo hushuka kwenye koki, yanaziba chujio lake, na yaliyo laini yanapenya mpaka kwenye kabureta. Ndiyo maana pikipiki inazima mlimani, ukingoja kidogo inawaka, mbele inazima tena. Halafu tunasema karani hajui kuendesha.

Kutu hiyo kaileta nani? Tumeileta sisi wenyewe. Pikipiki ni ya wote, lakini mafuta kila mtu anatia ya safari yake tu. Mtu ananunua chupa moja ya kumfikisha Kayanga na kumrudisha, kisha anaiegesha kavu chini ya upenu wa ghala, ati asimwachie mwenzake jasho lake. Basi tangi likibaki tupu linajaa hewa. Usiku wetu wa Karagwe ni wa baridi, bati linapoa, unyevu wa hewa ile unaganda kuwa matone kwenye kuta, kama unavyoona umande kwenye migomba. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatelemka chini kabisa na kukaa hapo yakila chuma. Tangi likijaa, petroli inafunika chuma na hewa inakosa nafasi. Kumbe uchoyo wa lita mbili ndio umetoboa mali ya chama!

Na wapo wanaofaidika. Msimu wa kahawa kwetu kwa kawaida unaanza Mei. Karani akikwama kati ya Omurushaka na Nkwenda, mwenye butura hakwami. Yeye anafika kwa mjane mwenye mtoto wa kulipiwa shule, ananunua kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na mzigo hauji kwetu tena. Tunapiga kelele juu ya butura kila mkutano, huku chombo cha kumwahi huyo mlanguzi tumekiacha kioze.

Sasa hilo la kuchomelea. Waitu, tangi la petroli lililomwagwa ni la hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa unangoja cheche tu, kisha unalipuka. Fundi anayesema amelisuuza kwa maji mara moja kwa hiyo liko salama, asilichomelee karibu na ghala letu wala karibu na watoto. Na ile sabuni ya kipande iliyosuguliwa penye tundu ni dawa ya kukufikisha nyumbani. Imekaa pale tangu masika, petroli inadondokea injini ya moto, nasi tunapakiza wagonjwa wa kupeleka Nyakahanga juu yake!

La kufanya ni hili. Tangi litolewe, limwagwe mafuta nje, mbali na jiko na sigara. Koki ifunguliwe na tundu lake lizibwe. Zitiwe nati kiganja kimoja, litikiswe mpaka mikono ichoke, magamba yamwagwe. Kisha lijazwe siki au maji ya malimau, likae siku nzima na usiku wake. (Rubisi iliyochacha kabisa nayo ni siki, ila sijui nani atakubali kuitoa.) Asidi ya betri hapana, inakula na chuma kizima. Baadaye lisuuzwe kwa maji ya magadi kuua ukali, likaushwe juani upesi, na siku hiyo hiyo liogeshwe ndani kwa petroli yenye oili kidogo, la sivyo kutu mpya inarudi kabla ya jioni. Kwenye mpira wa mafuta tufunge chujio.

Inawezekana kutu ikitoka matundu yakaonekana zaidi, kwa sababu mengine yamezibwa na kutu yenyewe. Ikiwa hivyo tununue tangi lingine, na zile fedha za rangi ziingie huko.

Tena mafuta ya chupa yatazamwe kabla ya kutiwa. Yaache yatulie: maji yakiwamo utayaona chini.

Mkutano Mkuu ukikaa nitaomba tupigie kura jambo moja kabla ya rangi: anayeazima pikipiki airudishe tangi limejaa, na asiyefanya hivyo asipewe tena, hata akiwa mjumbe wa Kamati.

Mwanachama