Mjumbe Aliyechaguliwa Mara Tatu Ndipo Akapewa Kiti

Katika ukoo wa Bwana Julian Bond palikuwa na habari moja ambayo watoto waliipokea kutoka kwa wazee wao. Babu yake, James Bond, alizaliwa utumwani katika jimbo la Kentucky, nchini Marekani, mwaka 1863. Utumwa ulipokomeshwa kijana huyo alitamani sana kusoma, lakini fedha za karo hakuwa nazo. Basi alimfunga kamba maksai wake, akamswaga kwa miguu mwendo wa maili mia moja hivi mpaka chuo cha Berea, na huko akamtoa maksai huyo awe ada yake. Mnamo mwaka 1892 alihitimu. Mkulima aliyepata kuuza ng'ombe ili mtoto wake asome hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwana wa James, Dakta Horace Mann Bond, akawa mwanachuoni mkubwa, na kuanzia mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, ambacho Kwame Nkrumah wa Ghana alikuwa amehitimu mwaka 1939. Julian alizaliwa Nashville tarehe 14 Januari 1940. Alipokuwa bado mtoto mdogo, baba yake pamoja na wanachuoni wawili mashuhuri, W.E.B. Du Bois na E. Franklin Frazier, walifanya sherehe ya nusu mzaha nusu kweli ya kumweka wakfu kwa elimu. Hata hivyo nadhiri ya wazee si lazima iwe njia ya mtoto. Julian aliingia chuo cha Morehouse, Atlanta, mwaka 1957, akatoka kabla ya kumaliza, na shahada yake hakuipata mpaka mwaka 1971.

Kilichomtoa darasani ni mambo ya mwaka 1960. Katika majimbo ya kusini wakati huo mtu mweusi aliweza kununua bidhaa dukani, lakini hakuruhusiwa kuketi na kula mahali walipokula Wazungu. Tarehe 15 Machi 1960 wanafunzi wa Atlanta waliingia katika mikahawa kadha wa kadha, wakaketi kimya, wakaomba chakula. Bond aliongoza kikundi kilichokwenda mkahawa wa jengo la halmashauri ya mji, ambako palikuwa na tangazo la kuukaribisha umma. Walipoketi, umma huo ukatiwa mbaroni.

Mwezi wa Aprili mwaka huo vijana kutoka vyuo mbalimbali walikutana Raleigh wakaunda kamati yao, ambayo ilijulikana kwa herufi SNCC. Bond akawa msimamizi wake wa habari. Kazi yake ilikuwa kuandika, kupiga simu kwa wenye magazeti, na kuhakikisha kwamba kijana aliyepigwa katika kijiji cha mbali hapigwi gizani bila ulimwengu kujua. Watu wa Kenya pia walipata kugusana na kamati hiyo: mnamo Desemba 1963, Bwana Oginga Odinga alipofika Atlanta, vijana wa SNCC walikwenda kumwamkia hotelini, na baadaye wakatunga wimbo wenye jina lake.

Mwaka 1965 mahakama za serikali kuu zilikuwa zimeiamuru Georgia igawanye upya viti vya Baraza la Wawakilishi, kwa kuwa kura ya mtu wa mjini ilikuwa imepunjwa kwa miaka mingi. Kwa mgawanyo huo Atlanta ilipata viti vipya. Bond, akiwa na umri wa miaka 25, aligombea kiti cha wilaya ya 136, yenye wapiga kura wapatao 6,500, na kati yao kama 6,000 walikuwa watu weusi. Hakusimama jukwaani kuwatangazia atakayowafanyia. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza wanataka mjumbe wao afanye nini. Wakamwambia habari za mishahara midogo na nyumba mbovu, naye akayafanya hayo kuwa hoja zake, pamoja na kima cha chini cha mshahara cha dola mbili kwa saa. Tarehe 15 Juni 1965 alipata kura 2,320, na mpinzani wake kura 487.

Wajumbe wapya walikuwa wale kiapo tarehe 10 Januari 1966. Siku saba kabla yake, kijana mmoja mweusi aitwaye Samuel Younge, aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini la Marekani, aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, kwa ugomvi wa choo cha kituo cha petroli kilichotengwa kwa ajili ya Wazungu. Tarehe 6 Januari SNCC ikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, ikisema kwamba serikali inayodai kupigania uhuru ng'ambo haijawalinda raia wake nyumbani, na kwamba inawaunga mkono vijana wasiotaka kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa redio alipomwuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali.

Jibu hilo fupi ndilo lililomponza. Wajumbe 75 walitia sahihi hati za kumpinga, na siku ya kiapo karani akakataa kumwapisha. Ikateuliwa kamati ya kumhoji siku ile ile. Bond aliieleza kwamba hajamshauri mtu yeyote achome kadi yake ya jeshi, na kwamba kadi yake mwenyewe anayo. Ila anauheshimu ushujaa wa wanaotenda jambo huku wakijua adhabu inayowangoja. Alisema kwamba yu tayari kula kiapo cha kuitii Katiba ya Marekani na ya Georgia. Wapinzani wake walishikilia kwamba kiapo hicho hakiwezi kutoka katika moyo safi. Usiku kura zilipohesabiwa, 184 zilimkataa na 12 tu zilimkubali.

Hapa yafaa kuwakumbuka watu wa wilaya ya 136. Kiti kilichobaki kitupu kilikuwa chao. Sheria zilitungwa na kodi zilipangwa mwaka huo bila sauti yao, nao walikuwa wamepiga kura kwa njia halali. Mmoja wa wakazi wa wilaya hiyo alikuwa Dakta Martin Luther King, ambaye alikuwa amemfundisha Bond falsafa katika darasa la wanafunzi wanane tu huko Morehouse. Dakta King aliongoza maandamano hadi jengo la baraza, kisha akaingia katika kesi pamoja na Bond, akiwa mpiga kura aliyenyimwa mjumbe.

Mahakama ya kwanza iliwakatalia, majaji wawili kwa mmoja. Mwezi Februari 1966 ukafanywa uchaguzi mdogo wa kukijaza kiti kilicho wazi, na wananchi wakamrudisha Bond. Kamati ya Baraza ikamkataa tena mwezi Mei. Novemba ukaja uchaguzi wa kawaida, akachaguliwa mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, na majaji wote walikuwa kwa kauli moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba jimbo lina haki ya kumtaka mjumbe ale kiapo, bali halina haki ya kuwatumia wajumbe walio wengi kuupima unyofu wa moyo wa anayekubali kukila. Georgia ilikuwa imedai kwamba mjumbe, kwa kuwa ni mtu wa serikali, lazima achunge ulimi wake kuliko raia wa kawaida. Mahakama iliona kinyume chake: mjumbe yampasa apewe nafasi pana ya kusema, ili waliomchagua wajue anasimama wapi. Januari 1967 Bond aliapishwa, akaketi.

Aliketi katika Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1975, kisha katika Seneti ya Georgia mpaka mwaka 1987. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, jina lake lilitajwa kuwa mgombea wa umakamu wa rais; ikabidi alitoe, kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Ndani ya mabaraza kazi ilikuwa ya taratibu na haikuvuta magazeti sana. Wengi wa wenzake hawakusahau yaliyopita, na mswada wenye jina lake ulihitaji subira.

Jambo chungu lilimpata mwaka 1986. Akiwa seneta alikuwa amepigania mipaka mipya ya wilaya ya tano ya Bunge la Marekani, ili watu weusi wa Atlanta wawe wengi humo. Kisha akagombea kiti hicho. Mshindani wake mkubwa alikuwa John Lewis, rafiki yake wa tangu siku za SNCC. Duru ya kwanza Bond aliongoza, lakini katika marudio ya mwezi Septemba Lewis alishinda kwa asilimia 52. Maneno makali yalikuwa yamesemwa, na urafiki wao ukaingia ufa. Lewis alikikalia kiti hicho mpaka alipofariki mwaka 2020.

Bond aligeukia ualimu, akafundisha historia katika Chuo Kikuu cha Virginia, na kuanzia mwaka 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, NAACP. Alifariki tarehe 15 Agosti 2015 huko Florida, mwenye umri wa miaka 75. Majivu yake yalipelekwa baharini katika Ghuba ya Mexico tarehe 22 Agosti, na familia yake ikawaomba waliompenda, popote walipo, waende penye maji saa ile ile na kutupa majani ya maua.