Udongo wa Msingi Upangiwe Mahali

Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha Elimu ya Watu Wote hata ikaanza kutekelezwa mwaka 1977, kuchimba msingi wa darasa kumekuwa sehemu ya mchango wa mwanakijiji. Serikali huleta bati na saruji. Mwananchi huleta sururu, beleshi na siku yake ya kazi. Kwa kuwa siku hiyo hailipwi, wapo viongozi wanaoihesabu kuwa ni ya bure. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwalimu aweza kuitoa kama zoezi. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mzunguko wa mita 32. Mtaro wa msingi ukiwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 90, hutoa zaidi ya mita za ujazo 17 za udongo. Udongo uliochimbuliwa hufura. Ukiongezeka kwa robo tu, toroli la lita 60 litakwenda na kurudi mara 360. Ni nani aliyezipanga safari hizo?

Mara nyingi hakuna. Udongo hurundikwa ukingoni mwa mtaro, ukauelemea na kuuangusha, au hutupwa pale pale panapotakiwa kushushwa mawe na mchanga. Wanakijiji walioitwa Jumatatu kuchimba huitwa tena Alhamisi kuuhamisha udongo ule ule. Wakiitwa mara ya tatu hawaji, na katika taarifa huandikwa kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo!

Katika vilima vya Ngara kosa hili lina gharama zaidi. Udongo uliowekwa upande wa juu hurudi mtaroni kwa mvua ya usiku mmoja. Uliomwagwa ovyo upande wa chini huishia katika migomba ya jirani. Mahali pake ni ndani ya jengo, upande ulioinama, ushindiliwe tabaka kwa tabaka uwe kifusi cha sakafu. Ule wa juu wenye rutuba haufai kushindiliwa. Utengwe kwa ajili ya bustani ya shule.

Kwenye sehemu za tambarare za Biharamulo adui ni maji yanayotuama. Mtaro ulioachwa wazi ni zizi la mbu na hatari kwa watoto. Na ipo mitaro iliyochimbwa ili tu mgeni aone kazi imeanza, ilhali saruji haijaagizwa.

Basi kazi ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mawe yakiwa yamekwisha kufika. Kabla ya sururu ya kwanza, mhandisi wa halmashauri, mwalimu mkuu na ofisa mtendaji wa kijiji wasimame uwanjani wapige mambo: hapa kifusi, hapa udongo wa bustani, hapa njia ya lori, na lundo lolote likae mita moja kutoka ukingoni. Ni kazi ya asubuhi moja.