Mchoro Nao Huwa Guni

Malenga akisomewa ubeti wenye kasoro hatosheki kusema kwamba haukumpendeza. Husema ukwapi wa mshororo wa 2 una mizani 7 ilhali mingine yote ina 8, au kwamba kina cha kati kimepotea. Na shairi la namna hiyo analo jina lake, guni. Aliyeambiwa hivyo huondoka akijua pa kushika. Anayejifunza kuchora kwa Kiswahili aghalabu hana bahati hiyo. Huonyesha kazi yake akaambiwa "umependeza" au "haujakaa sawa", na kauli zote mbili, ya ukarimu na ya ukweli, humwacha pale pale alipokuwa.

Nadai kwamba upungufu huu ni wa lugha kabla ya kuwa wa mkono. Kwa hiyo ni shauri letu sisi wapenzi wa lugha, hata yule ambaye hajashika penseli tangu alipoacha shule.

Tuchukue bilauri ya maji iliyowekwa mezani. Mdomo wake ni duara, na anayeanza kuchora hulijua hilo kupita kiasi: huchora duara, ingawa jicho lake, lililo juu kidogo ya bilauri, linaona duaradufu lililobanwa. Kisha, kwa kuwa anajua kitako kimelala juu ya meza, hupiga mstari ulionyooka chini. Matokeo yake ni bilauri inayotazamwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja akiwa darini na mwingine amechutama sakafuni. Mkosoaji mwenye maneno atamwambia: duaradufu la mdomo ni nene mno, la kitako ndilo liwe nene kuliko la mdomo, maana liko mbali zaidi na usawa wa macho yako, na ncha zake zisichongoke, duaradufu halina pembe. Ni mambo matatu tu. Kesho yake mwanafunzi ataichora bilauri ile ile mara 20, akiiinua kidogo kidogo, mpaka mdomo ufike usawa wa jicho na duaradufu lijifunge kuwa mstari mmoja. Hayo ndiyo mazoezi. Kurudia mara 20 bila kuambiwa kasoro iko wapi ni kuizoeza mikono kukosea.

Maneno ya kazi hii tunayo mengi. Hisabati za shule zilitupa mchemraba, tufe, mcheduara na pia. Paul Cézanne, alipomwandikia mchoraji mwenzake Émile Bernard mwaka 1904 akimshauri ayatazame maumbile kwa mcheduara, tufe na pia, hakutaja umbo hata moja lisilo na jina la Kiswahili. Mwashi ana timazi. Na mchoraji anayening'iniza uzi wenye uzito mbele ya jicho, ili aone kama sikio la mtu aliyesimama liko juu ya kisigino chake au limepita, anatumia timazi ile ile. Tuna uwiano, tuna kivuli, tuna wima na mshazari. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyakusanya maneno haya, ambayo kila moja linaishi katika karakana yake, na kuyatumia juu ya karatasi ya mchoro.

Nitaambiwa kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila istilahi hizi, na hadi anafariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kulea wanafunzi. Ni kweli, lakini wanafunzi hao waliketi naye wakiuona mkono wake ukienda, na mkono ukionyesha, ulimi unaweza kupumzika. Anayejifunza leo peke yake chumbani, akampelekea rafiki picha ya mchoro kwa simu, hana mkono wa mtu ubavuni. Ana maneno tu.

Lugha yenyewe inatuonyesha njia. Kitenzi kosoa kimejengwa juu ya kosa kama vile chomoa ilivyojengwa juu ya choma: ni kauli ya kutendua. Kukosoa ni kulifungua kosa lililofungwa. Anayesema "haujakaa sawa" akanyamaza hajakosoa. Ametoa taarifa ya hali yake ya moyo. (Wapo pia wanaoleta kazi ikosolewe huku wamekwisha kuitia fremu, hao tunawafahamu hata katika ushairi.) Nao wanaokosolewa wangejisaidia kwa kuuliza jambo moja lililo wazi: je, mkono huu si mrefu kuliko paja? Swali lenye mipaka huvuta jibu lenye mipaka.

Pengo lipo bado, na kubwa kuliko yote ni hili. Reli mbili zinazokwenda mbali huonekana zikikaribiana hadi kukutana kwenye upeo wa macho, na kila mchoraji wa barabara, chumba au baraza lazima aijue kanuni hiyo. Wengine huiita mtazamo, neno ambalo limekwisha kuchukuliwa na maana ya maoni. Mwanafunzi akiambiwa mtazamo wake una kasoro, atadhani amegombezwa. Mimi napendekeza mfifio wa umbali. Mwenye neno bora na alilete.