Saa za kazi nazo zilipwe

Mwandishi wa makala kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa hoteli, umegusa penyewe, ila umeishia kwenye mshahara. Nimefanya kazi jikoni na mapokezi katika hoteli za Arusha, na kinachotuumiza zaidi ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, zinalipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ni wahudumu wangapi wanaoiona nyongeza hiyo?

Wengi hunyamaza kwa sababu mikataba yao ni ya msimu: watalii wakipungua, aliyesema ndiye wa kwanza kuambiwa apumzike. Ndiyo maana tunahitaji chama. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa sekta yetu, ikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa hoteli, mwajiri analazimika kisheria kukaa nayo mezani kujadili mkataba wa hali bora. Mmoja akidai ovataimu anaitwa mkorofi; wakidai wote, hayo ni majadiliano.

Vijana mnaotoka vyuo vya utalii, nawasihi: jazeni fomu ya chama mapema na tunzeni nakala za ratiba za zamu. Mkiachishwa kazi kwa uonevu, fikeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Na viongozi wa chama, tembeleeni zamu za usiku pia. Huko ndiko wanachama wenu wanakoumia.